Mkunga Nje ya Lango

Shangazi yangu Daw Ngwe Yin aliwazalisha wanawake wa kijiji chetu cha Tamagon tangu ujana wake mpaka uzee, na alipokufa kijiji hicho hicho kilimzuia langoni. Nalisema hili mwanzo ili asiwepo wa kunisikiliza akingoja mambo matamu. Matamu yapo, machache, nitayataja yakifika. Lakini wanaonijua wanajua siwezi kuisimulia habari hii kwa upole, na sioni kwa nini nijilazimishe.

Hakuwa mtu mkubwa. Mumewe alikuwa mgema. Asubuhi moja ya mvua alipanda mvumo akateleza, akamwacha shangazi na ngazi ya mianzi na mtoto wa kiume. Mtoto naye alipokua alikwenda Malesia kutafuta kazi, simu zake zikawa za kila mwezi, kisha za kila mwaka, kisha basi. Nikabaki mimi, Nwe, binti wa kaka yake, na mume wangu Ko Thet. Tuliishi naye nyumba moja, kwenye uwanja uleule ambao mama mkwe wake alimfundishia ukunga.

Alivuta sigara za majani nene kama kidole gumba, hata akiwa kazini. Wauguzi wa mjini walipokuja kumkataza alisema, "Watoto wa Tamagon wakisikia harufu ya moshi wangu ndipo wanajua wamefika." Na alikumbuka kila mtu alivyozaliwa. Ukioa, atasimama mbele ya wageni akuambie: "Wewe ulikuja na kitovu shingoni kama mwizi aliyekamatwa na kamba." Au: "Huyu alikaa humo ndani siku nzima baada ya maji kumwagika. Bibi harusi, usitegemee atakuchotea maji." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na bwana harusi akawa hana pa kuuweka uso.

U Ba Htay, mwenyekiti wetu wa kijiji, alizaliwa akitanguliza miguu. Mama yake alikaribia kufa. Shangazi, wakati huo msichana tu anayejifunza kazi, ndiye aliyeingiza mkono na kumgeuza, kwa sababu mkono wa mama mkwe wake ulikuwa mnene. Basi kila mwenyekiti alipoitisha mkutano na kutangaza jambo la ajabu, shangazi alisema kwa sauti kutoka nyuma, "Mwacheni, ndivyo alivyozaliwa. Kila jambo huanzia mwisho." Watu walicheka. Naye U Ba Htay alicheka, ila kwa meno tu.

Mwaka ule wa ukame, shangazi alianguka kwenye ngazi za nyumba yetu akiwa na ungo wa ufuta kichwani. Hakulia. Alilala pale chini, ufuta umemwagika kila mahali, akasema, "Nwe, okota ufuta kwanza, kuku wanakuja." Nilipomgusa nyonga ndipo alipopiga yowe.

Ko Thet alileta guta lake la pikipiki, lile la magurudumu matatu analobebea vitunguu. Tukatandika godoro.

"Mnanipeleka wapi?" shangazi aliuliza.

"Hospitali ya mjini, Shangazi. Kupigwa picha ya nyonga."

"Mifupa yangu haina aibu, waipige. Lakini nikifia huko je? Mtaniuza sokoni pamoja na vitunguu?"

"Huendi kufa."

"Hilo hujui wewe, wala mimi." Kisha akanishika mkono kwa nguvu kuliko nilivyodhani anazo. "Unalijua lango, Nwe."

Nililijua. Kila mtu kwetu analijua. Kijiji chetu kimezungushiwa ua wa miiba, na langoni pana kibanda cha mzimu mlinzi, chenye nazi na kitambaa chekundu. Aliyefia nje ya ua haingizwi ndani. Maiti yake hupelekwa makaburini kutoka hukohuko ilikotoka. Halali usiku wa mwisho nyumbani kwake, haogeshwi kwenye uwanja wake, majirani hawakeshi naye barazani. Hakuna mtawa wa Kibudha aliyefundisha jambo hilo. Ni la mzimu, na limekuwapo tangu zamani. Kabla ya siku ile hata mimi sikuwahi kulifikiria sana, kwa sababu halikuwa limenifika.

Hospitalini mapafu yake yalijaa maji. Alikufa asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linaingia dirishani, mimi nikimshika mguu. Muuguzi, mwanamke mwenye uso mzuri, aliniinamia akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, tumwachie dripu mkononi?"

"Ya nini? Amekufa."

"Wengi wanaotoka vijijini hutuomba hivyo. Unamfunika mpaka kifuani, chupa inaning'inia, mkifika nyumbani mnasema alikuwa anapumua, amekata roho sasa hivi."

Ko Thet alinitazama. "Nwe, tukubali. Nani atachungulia?"

Nikakataa. Na sababu ya kukataa ndiyo inayonikera mpaka leo, kwa hiyo niieleze vizuri.

Miaka michache nyuma, baba yake U Ba Htay alifia Mandalay, katika hospitali ya wenye nazo. Aliletwa kwa gari la kukodi lenye kiyoyozi, dripu mkononi, barakoa ya hewa usoni. Gari lilipita langoni polepole, sisi sote tukisimama pembeni. Akapandishwa nyumbani, na shangazi akaitwa haraka "amwangalie mgonjwa." Aliingia, akakaa kidogo, akatoka barazani na kuwaambia watu, "Amekata roho sasa hivi, mikononi mwangu." Mazishi yakafanyika kijijini kwa heshima zote, watawa wengi, muziki, pepeo za karatasi zilizoandikwa jina la marehemu zikigawiwa watu.

Nyumbani shangazi alinawa mikono muda mrefu. Nikamuuliza. Akasema, "Amekakamaa kama ubao wa kufulia. Alikufa jana, kama si juzi. Lakini mjane wake anataka kukaa naye usiku mmoja chini ya paa lake. Mimi ni nani nimnyime?"

Kwa hiyo nilipoiona dripu ile nilisema hapana. Shangazi yangu hakuwa magendo ya kufichwa chini ya blanketi. Aliwasitiri wengine kwa uongo, yeye angeingia kwa ukweli. Na sijutii.

Nilivunja tawi la mwarobaini uani mwa hospitali, kama desturi yetu ilivyo, ili roho iwe na pa kukaa njiani. Tukamlaza kwenye guta, nikaketi karibu na kichwa chake nikikizuia kisigongwe na mashimo ya barabara. Kila daraja nilimwambia: "Tunavuka, Shangazi, tufuate." Ko Thet aliendesha polepole kama amebeba mayai. Nusu ya njia alilia, akidhani simuoni.

Tulifika mchana. Langoni palikuwa pamezuiwa kwa mianzi miwili. U Ba Htay alikuwa amesimama katikati, amevaa koti lake la mikutano juu ya kikoi kipya, na wajumbe wake nyuma. Habari zilikuwa zimetangulia, na nusu ya kijiji ilikuwa pale.

"Pole sana, Nwe," alisema. "Msiba huu ni wetu sote."

"Asante, Mjomba. Basi toa hiyo mianzi, msiba wetu upite."

Akakohoa. "Unaijua desturi, binti yangu."

"Naijua. Ninayemleta pia unamjua."

"Watu wameshakwenda makaburini kuchimba. Mpelekeni huko sasa hivi, msizunguke naye kwenye jua. Mtawa atafuata."

"Hajaogeshwa."

"Mtamwogesha hukohuko."

"Kwenye miiba na mbwa? Mama yako ungemwogesha pale?"

"Nwe, si mimi." Alionyesha kibanda cha mzimu kwa kidevu, kama mtu anayemsingizia jirani. "Ni mwenye lango."

"Mwenye lango alizalishwa na nani?" nilimuuliza. "Maana wengine wote niwaonao hapa walizalishwa na huyu."

Watu walicheka, kicheko kile cha kushtukia. Hata mjumbe mmoja alifunika mdomo. U Ba Htay hakucheka, hata kwa meno.

"Usilete utani kwenye mambo ya mzimu. Ukichezea mambo haya wewe, wataumia watoto wa wengine."

"Utani uko wapi, Mjomba? Baba yako alipita hapa."

Nilisikia injini ya guta ikipoa, tik, tik.

"Baba yangu alikuwa hai," alisema.

"Alikuwa hai kama hili guta."

"Chunga mdomo wako!"

"Nauchunga tangu siku ile. Leo umechoka kuchungwa."

Hapo ndipo mama yake, Daw Saw Nyun, alipojitokeza. Ni mzee sana, alitembea kwa fimbo, na kinywa chake kilikuwa chekundu kwa tambuu. Alisimama ubavuni mwa mianzi, akatema, akasema kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri, ambayo husikika mpaka ng'ambo:

"Mtoto anasema kweli. Mume wangu aliletwa amekakamaa. Mimi si ndiye niliyemvua shati? Tulilichana kwa mkasi. Ngwe Yin alinisitiri."

"Mama!" U Ba Htay alisema.

"Mama nini? Mkono uliokuvuta tumboni mwangu ni huu hapa kwenye gari la vitunguu. Toa hiyo mianzi."

Nilidhani yamekwisha. Kweli nilidhani. Nilikwisha kumwashiria Ko Thet awashe injini.

Lakini mtu huyo alinyoosha koti lake, akawageukia watu, si mimi, akasema taratibu: "Haya. Baba alikuwa ameshakufa. Nilikosea, nakiri mbele yenu. Sasa mnikumbushe: mwaka ule ng'ombe wangapi walikufa? Nani aliumwa na nyoka kisimani? Kisima cha mashariki kilikauka lini? Nilivunja sheria kwa ajili ya baba yangu, nyinyi mkalipa. Mnataka niivunje tena?"

Uongo wake mwenyewe alikuwa ameugeuza ushahidi. Na ulifanya kazi! Niliwaona waliokuwa wanacheka wakinyamaza. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Mwanamke huyo, shangazi alikaa naye usiku kucha akimkanda kiuno, na hakupokea kitu zaidi ya kishada cha ndizi.

Mtu alikuwa amekwenda kumwita mtawa mkuu. Alikuja na mwavuli wake, miguu mitupu kwenye vumbi, nasi tukapiga magoti barabarani.

"Mtukufu," nilisema, "mafundisho yanasemaje kuhusu lango?"

Alifikiri kidogo. "Mafundisho hayalijui lango. Mwili ukishamaliza kazi yake ni kama gogo. Haudhuru mtu, uwe ndani au nje."

"Basi waambie wafungue."

Kisha akasema, "Mimi si mwenye kijiji, Nwe. Nikiwaamuru leo, kesho mtoto akiugua homa, watasema ni mimi."

Niliinama mara tatu mpaka paji la uso likagusa vumbi. Nililisujudia joho, jibu lake sikulisujudia.

Nilipoinuka, bado nilikuwa na tawi la mwarobaini mkononi. Majani yalikuwa yamenyauka kwa jua. Nikamwendea U Ba Htay mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya koti lake.

"Mwili mmeukataa," nilisema. "Na hili je?"

Alilitazama. Anajua, kama kila mtu anavyojua, tawi ni la nini. Roho ya aliyekufa huja nalo nyumbani, ikakaa hadi siku ya saba, watawa wakilishwa ndipo inaagwa. Sheria ya lango ni ya maiti. Ya tawi hakuna aliyeitunga.

"Semeni sasa," niliwaambia wote. "Anayetaka kumzuia na amzuie. Amshike mkono, amrudishe nje."

Hakuna aliyesogea. Niliinama chini ya mianzi, nikaingia. Watu waliachia njia kana kwamba nimebeba makaa. Nilitembea katikati ya kijiji, nikimwambia kwa sauti, "Hapa ni kwa kina Hmwe, Shangazi. Hapa kisimani. Angalia jiwe. Tumefika, panda ngazi polepole." Nikaliweka tawi kwenye mkeka wake, nikatenga bakuli la wali na kikombe cha maji. Kisha nikarudi nje kwa mwili wake.

Nje ya lango pana banda la wasafiri, nguzo nne na sakafu ya mbao. Tulimlaza humo. Daw Saw Nyun alikuwa wa kwanza kuja, na chungu cha maji ambacho hakuwa na nguvu ya kukibeba, akimfokea mjumbe aliyejaribu kumsaidia: "Ondoka! Wewe kashike mianzi yako." Baada yake wakaja wanawake wengine, mmojammoja, wengine wamejifunika vichwa kana kwamba jua ni kali sana. Walileta khanga safi, sega, na unga wa gome la thanaka wa kupaka usoni.

Tulimwogesha. Tukamfunga vidole gumba vya miguu pamoja kwa uzi, tukamtia sarafu mdomoni ya kulipia kivuko.

"Mpake mashavuni vizuri," alisema mmoja. "Alikuwa anaringa huyu."

"Aringe wapi na yale meno?"

"Ndiyo hayo aliyokuwa akiringia! Yalibaki manne, na yote mazima."

Mwingine aliwasha sigara ya majani, akavuta mara moja akakohoa, akaiweka kando ya kichwa cha shangazi iungue yenyewe. Tulicheka, na katikati ya kicheko nikagundua nimelia muda mrefu. Hayo ndiyo matamu niliyosema yapo.

Lakini waliokuja walikuwa theluthi ya kijiji, labda pungufu. Wengine walisimama ndani ya ua wakitutazama. Niliyaona macho kati ya miiba. Macho ya wanawake niliocheza nao, ya wanaume ambao shangazi aliwapiga makofi ya kwanza ya maisha yao ili walie. Waliona aibu kuondoka na waliogopa kuja. Mpaka leo sijui kipi kibaya zaidi, aliyejifungia ndani kabisa au aliyechungulia.

Wanaume wachache walikesha nasi wakicheza karata, kama inavyopaswa kwenye msiba, wakila majani ya chai yaliyochachushwa pamoja na karanga. U Ba Htay alituma gunia la mchele kwa mjumbe.

"Mwenyekiti anasema ni mchango wa kijiji."

"Mwambie huku nje hatupokei vitu vya ndani."

"Nwe, chakula kina kosa gani?"

"Hakina. Ndiyo maana sitaki kipatwe na balaa kwa kutoka nje. Rudisha."

Akarudi na gunia begani, watu wa karata wakimsindikiza kwa miluzi.

Makaburi yetu yako magharibi, nyuma tu ya ua, na njia yake hupita katikati ya kijiji. Kwa hiyo kesho yake ilibidi jeneza lizungushwe nje ya ua, kwenye vichaka. Ko Thet na wenzake walitangulia wakifyeka. Miiba ilichana vikoi, jeneza likayumba, mtu akateleza mtaroni akaapa kwa maneno yasiyofaa mazishini. Mwanamke aliyewaleta wote wale duniani alikwenda kaburini kwa njia ya mbwa.

Mtawa mkuu alisoma. Nilimimina maji tone kwa tone kutoka kwenye birika hadi kwenye sinia, tukimgawia marehemu wema wetu, na watu wakaitikia "sadu, sadu, sadu." Ndani ya ua, upande wa pili wa miiba, nikasikia wengine wakiitikia pia, kwa sauti za chini. Watu wanaoogopa maiti wanaitikia dua yake! Nilitaka kuwarushia birika.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja kabla ya kuagwa kwa roho, U Ba Htay alikuja kwetu. Alisimama chini ya ngazi za nyumba yetu ya nguzo, hakupanda.

"Nwe, watu wanalalamika. Wanasema langoni, jioni, wanasikia kikohozi. Harufu ya sigara. Wanawake hawataki kwenda kisimani."

"Poleni."

"Nilifikiri ile karamu ya watawa ungeifanyia nje, palepale bandani. Umwambie aende zake salama. Atakusikia wewe."

Niliacha kupepeta, nikauweka ungo chini. "Mjomba, mnasikia kikohozi langoni?"

"Ndiyo."

"Basi si chake. Yeye hayuko langoni. Yuko humu ndani, juu yako hapo, kwenye mkeka wake. Nilimwingiza mwenyewe mbele ya macho yako."

Alitazama juu, kwenye upenyo wa mbao za sakafu. Akarudi hatua nyuma, halafu nyingine, akakanyaga ungo wangu. Mtu aliyesimama mbele ya kijiji kizima kama nguzo sasa alikuwa anahema. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaondoka bila kuaga, na mimi nikaendelea kukaa, kicheko kikageuka, nikamlilia shangazi kama nilivyokuwa sijamlilia bado.

Karamu niliifanyia nyumbani. Watawa walikula wali, nyama ya nguruwe na supu ya maembe mabichi. Mtawa mkuu alihubiri juu ya fadhila, kwamba mtu akumbuke mikono iliyompokea. Hakutaja jina wala lango. Watu walitikisa vichwa wakisema mahubiri mazuri. Mimi niliona ni maneno mazuri yaliyochelewa, nikamtilia supu zaidi nisije nikasema.

Mtadhani basi kijiji kilitubu. Kilichofuata ni kwamba wazee walikataa hospitali. U Pan Nyo, msuka vikapu, aliumwa tumbo akawa anajikunja kama kamba, na Ko Thet akaleta guta. Mzee aling'ang'ania nguzo ya nyumba yake. "Siendi! Sitaki kulala bandani kama Ngwe Yin!" Walijaribu kumbandua vidole. Alifia palepale nyumbani kwake baada ya maumivu ambayo simtakii hata U Ba Htay. Daktari aliyepita baadaye kuchanja watoto alituambia lilikuwa jambo la kukatwa na kushonwa, na siku ya pili mtu anakunywa uji.

Mjane wake alikuja kwangu, akanishika mabega akanitikisa. "Amekufa ndani ya lango! Haya, nifurahi? Niambie Nwe, nifurahi?"

Nilimchukua hivyohivyo, nywele zimetimka, nikampeleka kwenye ukumbi wa watawa, ambako wazee wa kijiji walikuwa wakifanya mkutano wa kisima. Nilimwambia arudie swali lake. Alirudia. Aliwauliza mmojammoja, akienda kutoka mkeka hadi mkeka, na kila mmoja aliangalia pembeni. Alipofika kwa U Ba Htay, huyo alivua kofia akaishika mapajani. Sitasema aliona haya. Sijui aliona nini.

Walibishana mchana kutwa. Wengine walitaka sheria ifutwe, wengine walisema mzimu ataua ng'ombe. Mwisho walipata walichokiita suluhisho. Lango libaki kama lilivyo. Lakini upande wa kusini, mbali na kibanda cha mzimu, ua wa miiba utobolewe, na waliofia nje wapitishwe hapo, walazwe nyumbani kwao, waogeshwe, wakeshewe. Mzimu analinda lango, walisema. Lile tundu halimhusu.

U Ba Htay aliliita mlango wa dharura. Hakuna mwingine anayeliita hivyo. Watu wanaliita Mlango wa Mkunga, hata watoto, hata yeye akisahau.

Wa kwanza kupita hapo alikuwa kijana aliyefukiwa na kifusi kwenye machimbo ya kaskazini. Mama yake alitembea kando ya jeneza akiwa ameliwekea mkono, kama mtu anayemwongoza mtoto mwenye usingizi kitandani. Alipofika kwenye tundu aliniona, akaunganisha viganja vyake mbele ya uso kunishukuru. Nami niliunganisha vyangu. Shukrani zake zilinichoma, kwa sababu nilikuwepo pia asubuhi ile walipoutoboa ua. Walikuja wanaume wawili na mapanga mawili. Walifyeka, wakavuta miiba pembeni, wakasimama kuvuta sigara, wakamalizia. Nilipowaletea maji walikuwa tayari wanafuta jasho.

"Imekwisha?" niliwauliza.

"Imekwisha, dada. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo."

Nilimwaga yale maji chini mbele ya miguu yao, nikarudi nyumbani kuanika ufuta.